Hatamu za John Campbell

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa Waswahili wa London, Ontario, Kanada. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimepunguza vicheko na kuongeza tarehe mbili tatu nilizoulizwa baadaye.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, shikamoo zenu nimeshazipokea pale mlangoni.

Niliombwa nimzungumzie mwanamichezo wa mkoa huu. Nilipomtaja John Campbell kwenye kikao cha maandalizi, wote walidhani ni mchezaji wa hoki. Hapana, ni dereva. Wala si wa lori, ingawa najua nusu ya wanaume waliomo humu wanakula kwa usukani. Huyu alikula kwa hatamu. Alikaa kwenye kigari cha magurudumu mawili, nyuma ya mkia wa farasi, kuanzia 1972 hadi 2017, na farasi aliowaendesha walishinda zawadi za karibu dola milioni 300 za Kimarekani. Katika mchezo wake, yaani mbio za farasi wanaovuta vigari, ndiye dereva wa kwanza kuvuka milioni 100, na ndiye wa kwanza kuvuka milioni 200. Na kwao si mbali. Ni Ailsa Craig, kijiji ambacho ukitoka hapa ukumbini na gari lako, kabla chai uliyokunywa haijatulia tumboni umeshafika.

Kabla sijaendelea, nimewaona mashehe wangu pale mbele wananitazama. Najua mbio za farasi zimebeba kamari mgongoni. Sikuja kumwalika mtu kuweka dau, na mimi mwenyewe siweki. Mimi ni mtunza farasi. Kazi yangu ni ndoo, majani na samadi. Nimekuja kumzungumzia fundi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuziona, hizi si mbio za Ngong pale Nairobi, ambako mtu mdogo kama mtoto anapanda mgongoni na farasi anapiga shoti. Hapa shoti ni kosa. Farasi ni wa aina moja iitwayo Standardbred, na wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaokwenda matiti, yaani mguu wa mbele wa kulia unaondoka pamoja na wa nyuma wa kushoto. Na wapo wanaokwenda telki, miguu ya upande mmoja ikiondoka pamoja, farasi akiyumba kidogo kama jahazi lililopata upepo wa ubavuni. Hao wengi huvaa mikanda ya kuunganisha miguu ili wasisahau mwendo. Mbio yenyewe ni maili moja. Farasi akivunja mwendo akaanza shoti, dereva lazima amvute amrudishe, na akimaliza kumrudisha wenzake wameshakwenda zao. Hebu fikirini: mnyama wa kilo mia nne na kitu, moyo wake wote unataka kukimbia, nawe kazi yako ni kumpeleka kilomita 50 kwa saa bila kumwacha akimbie.

Na kwa kuwa dereva anakaa kwenye kigari, uzito wake si jambo kubwa sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuianza kazi hii na ndevu hazijaota, akaiacha ana wajukuu.

Campbell alizaliwa 1955. Babu yake Duncan alikuwa na farasi, na baba yake Jack vilevile. Huku Ontario ya kusini magharibi hilo halikuwa jambo la ajabu. Mkulima alikuwa na ng'ombe, mahindi, na farasi mmoja wawili wa mbio. Wanaume walimaliza kukamua, wakampakia farasi kwenye trela, wakaja Western Fair hapa mjini kushindana na majirani zao. Mtoto alifundishwa kufunga lijamu kama watoto wa pwani wanavyofundishwa kufunga tanga, bila somo wala cheti. Kijana Campbell akaanza kushindana akiwa bado wa umri wa kwenda shule. Baadaye akawa akiendesha Windsor, kule mpakani na Detroit, ambako mbio zilifanyika usiku wa majira ya baridi. Ninyi mnaijua baridi ya huku mkiwa ndani ya gari lenye hita. Mtu wa kigari anaipokea usoni, pamoja na vipande vya barafu na tope vinavyorushwa na kwato za waliotangulia.

Mwaka 1976 ukafunguliwa uwanja wa Meadowlands, East Rutherford, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto na jiji la New York. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Viwanja vikubwa vya New York wakati ule, Yonkers na Roosevelt, vilikuwa vya nusu maili: unazunguka mara mbili, unapita kona nne, na anayewahi kushika mstari wa ndani ana nafasi kubwa ya kuwa wa kwanza hadi mwisho. Meadowlands ni mzunguko mmoja wa maili nzima. Kona mbili tu, na mwishoni kuna mnyooko mrefu ambao farasi aliyetangulia anauona kama hauishi. Pale anayejua kusubiri ana nafasi. Na zawadi zikapanda kupita kiasi. Mwaka 1980 mbio moja ya farasi wa miaka 2 pale pale ilipita dola milioni 2. Kijana wa Ailsa Craig alikuwa ameshahamia huko miaka miwili hivi kabla, na hata miaka ya sabini haijaisha alikuwa anaongoza orodha ya madereva wa Meadowlands.

Wapo watu, na wengine ninafanya nao kazi, husema: "Campbell alibahatika, alipewa farasi wazuri." Ni kweli alipewa. Swali langu ni: walimpa akina nani, na kwa nini?

Niwaeleze jioni ya mbio inavyokwenda. Mimi na wenzangu tunamleta farasi kwenye banda la maandalizi mapema. Anapashwa moto, anaoshwa, anavalishwa. Kuna mkanda wa tumboni, kuna hatamu, kuna kamba ya kumwinua kichwa, kuna vizibo vya masikio. Hivi vizibo ni vya pamba au sponji, na vimefungwa uzi mwembamba unaorudi hadi mkononi kwa dereva. Farasi anaanza mbio kama kiziwi, ametulia. Ukifika mnyooko wa mwisho dereva anavuta uzi, vizibo vinachomoka, na kelele zote za dunia zinamwingia mara moja: kwato, magurudumu, watu. Ukivuta mapema umemwasha farasi bado kuna mwendo mrefu. Ukichelewa, umevuta uzi kwa ajili ya mapambo.

Sasa, dereva mwenyewe yuko wapi wakati tunavalisha? Yuko uwanjani anaendesha farasi wa mtu mwingine. Usiku mmoja anaweza kuendesha mbio saba, nane, kumi, na kila mbio na farasi wa bwana mwingine. Anarudi uso mweusi kwa tope, anashuka kwenye kigari kimoja, anafuta miwani, anapanda cha pili. Mkufunzi anamwambia maneno machache: "Anavuta kulia. Usimguse mapema." Basi. Farasi yule pengine hajawahi kumshika maisha yake. Ana dakika chache za kumzungusha uwanjani, na kupitia kamba mbili za ngozi lazima ajue kama leo mnyama ameamka vizuri, kama mdomo wake ni mgumu, kama ni mwoga au mkorofi. Kisha linakuja gari lenye mbawa mbili za chuma, farasi wanapangwa nyuma yake likiwa linatembea, linaongeza mwendo, mbawa zinakunjwa, na mbio imeanza.

Kwa hiyo mwenye farasi, mtu aliyelipa dola laki kadhaa kumnunua mtoto wa farasi, akamlisha, akamwita daktari kila wiki, anamkabidhi mtu huyu mali yake kwa dakika mbili. Anaweza kumchagua yeyote. Na dereva huyo kwa desturi atachukua asilimia 5 ya zawadi. Kwa karibu miaka 40 pale Meadowlands wakufunzi walianza kwa kuuliza kama Campbell ana nafasi. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote yaliyobaki ni ushahidi wake: huyu bwana alikuwa bingwa wa kuaminiwa na watu wenye wasiwasi.

Walimwamini kwa sababu ya mikono. Waliomwona wanasema mara nyingi alionekana hafanyi kitu. Mjeledi hakuutegemea. Hakuwa mtu wa kumchosha farasi wa miaka 2 kwenye mbio ndogo ya mwezi wa sita ili apate picha gazetini. Aliwaza mbio ya mwezi wa nane na wa kumi. Farasi alirudi bandani akiwa bado na hamu ya kula. Ninyi mnaweza kudharau hilo, lakini mimi ninayesafisha ndoo najua maana ya farasi aliyeacha chakula baada ya mbio.

Mwaka 1987 alimpata Mack Lobell, farasi wa matiti aliyefunzwa na Chuck Sylvester. Mwezi wa nane mwaka huo wakashinda Hambletonian, ambayo kwa farasi wa matiti wa miaka 3 ndiyo mbio kuu ya Marekani. Ilianza 1926, na tangu 1981 ilikuwa imehamia Meadowlands. Wiki hazikupita nyingi, kule Springfield, Illinois, Mack Lobell akaenda maili kwa dakika 1, sekunde 52 na moja ya tano. Rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata wakapelekwa Uswidi, uwanja wa Solvalla, Stockholm, kwenye Elitlopp. Pale farasi anakimbia mchujo na fainali siku hiyo hiyo, mbele ya watu ambao mchezo huu kwao ni kama mpira kwetu. Mmarekani na dereva wake wa Kanada wakaondoka na kombe.

Kwenye Hambletonian Campbell hakuishia hapo. Akashinda na Armbro Goal 1988, na Harmonious 1990. Mwaka huo huo wa 1990, ana miaka 35, aliingizwa kwenye ukumbi wa mashuhuri wa mchezo huu kule Goshen, New York. Kwa desturi watu huingizwa humo wameshachoka. Yeye alikuwa hajafika hata nusu ya safari. Mwisho wa msimu huo, kule Pompano Park, Florida, aliendesha Artsplace, farasi wa miaka 2, kwenye fainali ya Breeders Crown, mfululizo wa mbio kubwa za kila mwaka, wakaenda maili kwa 1:51 na moja ya tano. Kwa mtoto wa miaka 2 kwenye uwanja mdogo kuliko wa maili, muda huo ulikuwa haujawahi kusikika.

Ushindi wa 1995 ndio unaonigusa mimi. Farasi aliitwa Tagliabue, na mkufunzi wake alikuwa Jim Campbell, mdogo wake John. Watoto wa Jack, wa kutoka pale njiani, mmoja kamfunza farasi, mwingine kashika hatamu, na mbele yao zaidi ya dola milioni 1. Kaka na mdogo kufanya kazi pamoja ni jambo gumu, kila mwenye duka la familia humu anajua. Kisha Muscles Yankee 1998, na Glidemaster 2006. Jumla sita. Hakuna dereva aliyemzidi kwenye mbio hiyo. Mbio za Breeders Crown alishinda 48.

Lakini ukiniuliza nikuonyeshe mbio moja tu, sitakupa Hambletonian hata moja. Nitakupeleka Delaware, Ohio, mwezi wa tisa 1993, Little Brown Jug.

Jug inakimbiwa tangu 1946 kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, wa nusu maili, kona zake kali. Watu wanafunga viti vyao vya kukunja kwenye uzio siku kadhaa kabla, wanaviacha, na hakuna anayeviiba. Campbell alikuwa na Life Sign, farasi wa telki wa mzee Gene Riegle. Wapinzani walikuwa Riyadh na Presidential Ball, na msimu mzima hawa watatu walikuwa wakinyang'anyana. Fainali ikaanza, na Life Sign hakupata mstari wa ndani. Akabaki nje.

Kubaki nje kwenye uwanja wa nusu maili ni adhabu, na ni hesabu rahisi. Kila kona ni nusu duara, na kona ni nne. Ukiwa nje kwa mita 2 tu, unakwenda kama mita 25 zaidi ya mwenzako wa ndani, na upepo wote unaupokea wewe. Madereva wengi wakijikuta hapo hufanya moja kati ya mawili: wanamkimbiza farasi ili wapite mbele kwa nguvu, au wanakata tamaa na kumvuta arudi nyuma atafute nafasi. Campbell hakufanya lolote katika hayo. Alimwacha Life Sign pale pale nje, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimshikilia kwa mwendo ambao mnyama aliweza kuubeba. Watu walikuwa wanangoja azimike. Hakuzimika. Mnyooko wa mwisho wakaja shingo kwa shingo, na Life Sign akashinda baada ya kwenda maili nzima bila kugusa uzio. Nimeitazama video yake mara nyingi, na kila mara nautazama mkono wake pale kona ya tatu, maana hapo ndipo ningeshindwa mimi.

Msidhani alikuwa anacheza. Kigari ni mabomba mepesi na magurudumu ya baiskeli. Farasi wa mbele akianguka, wa nyuma hana breki. Mwaka huo wa 2006, miezi michache baada ya Glidemaster kushinda Hambletonian, Campbell alianguka mbioni akavunjika mkono, akakaa nje miezi mingi. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na fedha alizo nazo zingetosha kumkalisha nyumbani. Alirudi akaendesha miaka kumi mingine.

Alipoacha, Juni 2017, hakufanya ziara ya kuaga nchi nzima. Aliweka chini hatamu, na mwezi uliofuata akaanza kazi ya ofisini kama mkuu wa Hambletonian Society, chama kinachosimamia Hambletonian na Breeders Crown. Watu walicheka kidogo: mtu aliyeshinda mbio zaidi ya 10,000 leo anavaa tai na kusoma bajeti. Mimi naona kazi ni ile ile. Wafugaji wanalipa ada za farasi mapema, wengine mtoto wa farasi hajaanza hata kufundishwa, kwa mbio itakayokuja miaka baadaye. Wanahitaji mtu wa kumwachia fedha zao.

Na kazi hiyo haina raha. Roosevelt ilifungwa 1988. Windsor, pale alipojitengenezea jina kwenye barafu, ilifungwa 2012, mwaka ambao serikali ya Ontario ilitangaza kuuondoa mpango wa kugawana mapato ya mashine za kamari na viwanja vya farasi. Mabanda mengi niliyoyakuta nilipofika huku sasa yana matrekta ndani. Western Fair bado ipo, na majira haya ya baridi mtaona taa zake. Mkitaka kuja kuona farasi bila kuweka hata senti, niambieni mimi. Saa za asubuhi mazoezini ni bora kuliko usiku, na watoto wanaruhusiwa kusogea.

Nitajibu maswali, halafu tule.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa pale nyuma, ambaye baadaye nilijua ni wa Bukavu na ameshawahi kusikia habari za Hervé Filion, yule dereva wa Quebec. Akauliza kwa Kiswahili chao kizuri: kama Filion alishinda mbio zaidi ya 15,000, na mwaka 1989 peke yake akashinda 814, kwa nini tunamwita Campbell mkubwa?

Nikamjibu hivi. Hao wawili walikuwa na kazi tofauti. Filion aliendesha mchana kwenye uwanja mmoja na usiku kwenye mwingine, farasi wa bei yoyote, na hakuna aliyemfikia katika kumtoa ushindi farasi ambaye wengine wamemkatia tamaa. Ningekuwa na banda la farasi kumi wa bei rahisi na mishahara ya kulipa kila Ijumaa, ningempigia simu Filion. Ila kama ningekuwa na farasi mmoja tu mzuri, mwoga, mdomo laini, na mbio moja kubwa mwezi wa nane, nisingemtafuta mtu wa kushinda leo. Ningempa Campbell mwezi wa tano, nikamwambia anavuta kulia, nikarudi kwenye ndoo zangu.

Kijana akasema kule Quebec, kwao Filion, wangenizomea. Nikamwambia wameshanizomea.